Kupanga Malengo ya Picha Kabla ya Safari ya Familia: Mfano wa Disney's Animal Kingdom, Florida

Familia inayorudi kutoka bustani kubwa ya burudani huja na mamia ya picha ndani ya simu tatu au nne, na nyingi kati ya hizo hazifunguliwi tena. Waliopiga walijua kupiga, lakini kila mmoja alipiga chochote kilichompitia mbele ya macho. Mwongozo huu unahusu kazi inayofanyika nyumbani, wiki moja au mbili kabla ya kufunga mizigo: kuamua ni picha zipi chache ambazo familia inazitaka kweli, nani atazipiga, mahali gani na saa ngapi. Mfano nitakaoutumia ni Disney's Animal Kingdom, mojawapo ya bustani nne za Walt Disney World karibu na jiji la Orlando, katika jimbo la Florida, Marekani. Bustani hiyo ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, ina eneo la takriban hekta 230, na ndani yake kimejengwa kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe, chenye mabango ya Kiswahili, ambacho msomaji wa lugha hii atakitazama kwa jicho ambalo wageni wengine hawana.

Lengo linaloweza kutimia

"Kupiga picha nzuri za watoto" si lengo, kwa kuwa hakuna saa ambayo utaweza kusema kwamba limetimia au limeshindikana. Lengo linalofaa hutaja watu, tendo, mahali na wakati, kwa mfano: "Bibi na mjukuu wake mdogo wakisoma pamoja bango moja la Kiswahili kule Harambe, kabla ya saa nne asubuhi, wakiwa kivulini." Sentensi hiyo haisemi Bibi atacheka au atakunja uso, wala haimlazimishi mtoto kusimama wima, hayo huachiwa siku yenyewe. Inachofanya ni kukupeleka mahali sahihi kwa wakati sahihi, ukiwa tayari.

Siku moja bustanini haibebi zaidi ya malengo matatu au manne. Ninapendekeza moja liwe la watu, moja liwe la mahali, na moja liwe la majaribio, yaani picha ya namna ambayo hujawahi kuipiga na ambayo ikiharibika hakuna atakayelalamika. Anayeandika malengo kumi na mawili atajikuta anaisukuma familia kutoka kona moja hadi nyingine huku watoto wakilia njaa, na picha zote zitaonyesha watu waliochoka.

Njia bora ninayoijua ya kupata malengo hayo ni kuzifungua picha za safari au sherehe iliyopita na kuzikagua kwa pamoja, kila mtu akiwepo. Tafuteni kile ambacho hakimo. Mara nyingi mtu anayepiga picha nyumbani, awe mama au kaka mkubwa, haonekani kabisa, kana kwamba hakusafiri. Wazee huonekana wameketi tu, na watoto wamepangwa mstari mmoja wakitazama kamera. Hakuna mikono, hakuna migongo, hakuna mtu anayesubiri foleni, ingawa kusubiri foleni kunachukua sehemu kubwa ya siku yoyote ya bustani ya burudani. Kila pengo mtakaloligundua ni lengo ambalo tayari limeshajiandika.

Pengo la yule asiyeonekana lina tiba rahisi. Katika bustani za Walt Disney World wapo wapiga picha wa kampuni, wanaojulikana kwa jina la PhotoPass, na ingawa kazi yao ni kupiga picha zinazouzwa, ukiwaomba kwa adabu watakupigia pia kwa simu au kamera yako bila malipo. Andikeni tangu nyumbani kwamba picha ya familia nzima itapigwa na mtu wa nje, mapema asubuhi, kabla nguo hazijalowa jasho.

Kulijua jua la huko

Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa amezoea jua linalochomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Orlando iko nyuzi 28 na nusu kaskazini mwa Ikweta, na tofauti ya majira ni kubwa kiasi cha kubadilisha mpango wote. Mwezi Juni jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama baada ya saa mbili usiku. Mwezi Desemba huchomoza kama saa moja na dakika kumi na kuzama karibu saa kumi na moja na nusu jioni. Kwa sababu ya saa kusogezwa mbele wakati wa kiangazi, jua la Juni hufika karibu na utosi kwenye saa saba na nusu mchana, wala si saa sita. Kwa takriban saa tatu kandokando ya wakati huo, macho ya watu huwa mashimo meusi na vipaji vya nyuso vinang'aa. Wakati huo ni wa kula, kupumzika ndani na kutazama maonyesho yenye paa. Lengo lolote la nyuso lisipangwe hapo.

Hapa ndipo wengi hukosea katika kupanga. Bustani hii ina vitu viwili vinavyopendeza zaidi baada ya giza: Mti wa Uzima, mti mkubwa wa kujengwa, ambao shina lake humulikwa kwa picha zinazotembea, na eneo la Pandora, linaloiga ulimwengu wa filamu ya Avatar na lililofunguliwa mwaka 2017, ambalo mimea yake bandia huwaka rangi za buluu na zambarau. Hata hivyo, Animal Kingdom mara nyingi hufungwa mapema kuliko bustani nyingine tatu. Familia inayosafiri Juni inaweza kupanga lengo la usiku, kisha ikakuta milango inafungwa jua likiwa bado juu ya miti, ilhali anayekwenda Desemba atalipata giza mapema na kuwa na muda wa kutosha. Kwa hiyo tazameni saa za kufunga za tarehe yenu kabla ya kuandika lengo lolote la usiku, na kama hayalingani, lifuteni bila huruma.

Kuanzia Juni hadi Septemba kuna jambo jingine: mvua ya radi ya alasiri, ambayo hunyesha karibu kila siku na mara nyingi hupita haraka. Wageni wengi hukimbilia mabasi. Wanaobaki hupata njia tupu, sakafu zinazong'aa na mawingu mazito yenye mwanga chini yake. Lengo la majaribio kwa msimu huo ni hili: mtoto akiruka dimbwi, kamera ikiwa chini karibu na maji, ili taswira yake ionekane mara mbili. Radi ikiwa bado inapiga, hata hivyo, kaeni ndani.

Harambe, kwa jicho la mwenyeji

Kundi la wabunifu lililoongozwa na Joe Rohde liliichukua Lamu kuwa mfano walipobuni kijiji cha Harambe. Kuta zimepigwa plasta iliyochubuliwa kwa makusudi, rangi zimefifishwa kwa brashi, na matangazo ya karatasi yamebandikwa juu ya mengine kana kwamba yalianza kubandikwa zamani. Kuna Mombasa Marketplace, Dawa Bar na kibanda cha Tamu Tamu. Yapo pia maandishi ya Uhuru pamoja na mwaka 1961, ambao wabunifu waliupa mji wao wa kubuni kuwa mwaka wa uhuru, nao ndio mwaka ambao Tanganyika yenyewe ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba. Mgeni kutoka Ohio hupita hapo akielekea kwenye foleni ya safari. Familia ya Kitanzania au ya Kikenya, na zaidi ile inayoishi Marekani ikiwa na watoto ambao hawajawahi kufika pwani, inaweza kukaa hapo saa nzima na kuondoka na picha ambazo hakuna mtu mwingine anazo.

Lengo ninalolipendekeza kwa dhati ni mfululizo wa picha kumi za karibu, tano za vitu ambavyo mtu wa Lamu angevitambua mara moja na tano za vitu ambavyo angevikataa. Kazi hii humfanya kila mmoja atazame. Plasta, vibao na rangi za kuta vitaingia kwenye kundi la kwanza bila ubishi mwingi. Upana wa njia utaingia kwenye kundi la pili, kwa kuwa mitaa ya Lamu ni myembamba kiasi cha watu wawili kupishana na punda kwa kubanana, wakati njia za Harambe zimepanuliwa kubeba umati na vigari vya watoto. Mzee aliyeishi pwani ndiye awe mwamuzi, na ubishi wake na wajukuu ndiyo picha ya watu mnayoitafuta. Mpigaji asimame pembeni, hatua nne au tano, na asiwaambie watazame kamera.

Picha za karibu za kuta huhitaji mwanga wa pembeni. Asubuhi, mwanga ukipita ukutani kwa ulalo, kila mkwaruzo hupata kivuli chake na ukuta huonekana wenye umri. Mchana ukuta huohuo huwa bapa na rangi yake hupauka. Sogeeni karibu kwa miguu badala ya kuvuta kwa vidole kwenye kioo cha simu, kwa sababu kuvuta kwa vidole kupita uwezo wa lenzi hukata tu sehemu ya picha na kupunguza ubora.

Wafanyakazi wa bustani huvaa vibandiko vyenye jina na mahali wanakotoka. Mkikutana na aliyeandikiwa mji wa Afrika, salimianeni kwanza, ongeeni, kisha ombeni ruhusa ya kumpiga picha. Akikataa, hajakosa.

Ndani ya lori la safari

Kilimanjaro Safaris ni matembezi ya lori lililo wazi pande zote, yanayochukua takriban dakika ishirini ndani ya mbuga iliyotengenezwa, yenye twiga, tembo, viboko, vifaru na simba wanaopenda kulala juu ya miamba. Mibuyu mikubwa inayoonekana njiani imejengwa na binadamu. Lori hutikisika na dereva hasimami kwa ajili ya mpiga picha mmoja, hivyo anayetumia kamera aweke kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie) isiyopungua sehemu moja ya 500 ya sekunde, na mwenye simu apige mfululizo kisha achague baadaye. Safari ya kwanza asubuhi ndiyo bora, kwa kuwa wanyama huwa wanatembea na foleni bado ni fupi.

Hata hivyo, sishauri lengo la hapa liwe mnyama. Twiga wa Mikumi anaweza kupigwa picha mwaka wowote, na kwa mwanga bora zaidi. Geuzeni kamera ndani ya lori: mtoto aliyezaliwa Minnesota akimwona tembo kwa mara ya kwanza huku babu yake akimweleza jambo fulani kwa kidole, na nyuma yao mbuga iliyofifia. Kwa kuwa lori lina paa, nyuso huwa kivulini na nje kuna mwanga mkali. Simu ikiachwa iamue yenyewe, itaifuata mbuga na kuwageuza watu kuwa maumbo meusi. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwangaza kidogo, ukubali kwamba mbuga itapauka. Au fanya kinyume kwa makusudi: shusha mwangaza hadi watu wabaki maumbo meusi dhidi ya anga, lakini hapo hakikisha sura zao zinaonekana kwa ubavu, maana umbo jeusi la mtu aliyekutazama usoni halisomeki.

Ngozi nyeusi, kanzu nyeupe

Jambo hili hukosekana katika miongozo mingi, nalo lina uzito kwa wasomaji wetu. Kamera inapotazama uso mweusi chini ya kofia nyeupe au ndani ya mtandio mweupe, juani, hujaribu kupatanisha vitu viwili vilivyo mbali sana. Matokeo huwa ama kitambaa kilichoungua hadi kuwa doa jeupe lisilo na mshono, ama uso uliozama gizani. Tiba ya kwanza ni kivuli cha wazi: ukingo wa paa au upande wa jengo usio na jua, ambapo mtu ametazama nje kuelekea anga. Mwanga hapo ni laini, na ngozi nyeusi hupokea mng'ao wa anga kwenye mashavu na paji kwa namna inayopendeza kuliko mwanga wowote wa moja kwa moja. Ya pili ni mavazi. Siku ya lengo la nyuso, chagueni rangi za kati au za kukoza. Kitenge na kanga hufanya kazi nzuri sana mbele ya kuta zilizopauka za Harambe. Watu wa familia moja wenye ngozi tofauti wasipangwe mmoja juani na mwingine kivulini. Na zimeni vichujio vya urembo vilivyomo kwenye simu, kwa sababu vingi hung'arisha ngozi bila kuulizwa.

Malengo ya watoto

Mtoto wa miaka saba na kuendelea apewe lengo lake na kifaa chake, hata ikiwa ni simu ya zamani isiyo na laini. Mti wa Uzima unafaa sana kwa kazi hii. Una urefu wa takriban mita 44, majani bandia zaidi ya 100,000, na kwenye shina na mizizi yake wamechongwa zaidi ya wanyama 300. Mwambie mtoto awatafute na kuwapiga picha wanyama kumi anaowajua kwa majina ya Kiswahili, na jioni azitaje mbele ya wote. Njia zinazozunguka mti huo hufika karibu kabisa na michongo. Usimsahihishe namna anavyoshika simu. Urefu wake ni nusu ya wako, na picha zake za magoti, meza na matumbo ya watu wazima zitakuonyesha bustani ambayo wewe hukuiona.

Kijana wa miaka kumi na mitatu hivi atapenda lengo gumu zaidi, la mwendo. Treni ya mchezo wa Expedition Everest, uliofunguliwa mwaka 2006, hutoka kwenye mlima bandia kwa kishindo na huonekana vizuri kutoka nje. Mtu mmoja wa familia asimame tuli mbele, simu iegemezwe ukutani au kwenye reli, na shata ikae wazi kwa sehemu moja ya 15 ya sekunde, ili treni iwe mchirizi na mtu aonekane wazi bila ukungu. Mchana mwanga unaweza kuwa mwingi mno kwa kasi hiyo. Jioni ni rahisi. Kwenye vyelezo vya Kali River Rapids, mchezo wa kuteremka mtoni, mambo hugeuka: hapo shata iwe sehemu moja ya 1,000, maji yagande hewani, na mpigaji awe juu ya daraja, si ndani ya chelezo, kwa kuwa wanaopanda hulowa hadi mifupa.

Vifaa na kanuni

Fimbo za selfi zimepigwa marufuku katika bustani za Walt Disney World tangu mwaka 2015, na sikuzisikitikia. Tripodi inaruhusiwa tu ikiwa inaingia kwenye begi la kawaida la mgongoni na haizidi urefu wa mita 1.8 ikiinuliwa. Droni hairuhusiwi, na flashi haitumiki ndani ya michezo ya gizani. Mengine yanajulikana: pawabenki, kadi ya akiba, kitambaa laini na mfuko wa plastiki wa kuzuia mvua. Lililo geni kwa wengi ni ukungu wa lenzi. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali na kuingia kwenye joto lenye unyevu la Florida, kioo hujaa umande na picha za nusu saa ya kwanza, ambayo ndiyo nusu saa yako bora, huharibika. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa, mahali pasipo na baridi kali, muda kabla ya kutoka.

Karatasi moja

Andikeni mpango kwenye karatasi moja tu, kwa mwandiko, na mwenye mwandiko mzuri ndiye aandike. Iwe na malengo matatu au manne, jina la anayehusika na kila moja, na muda wake. Pembeni mwa kila lengo andikeni pia muda wa mwisho: ikifika saa nne asubuhi bila picha ya Bibi kupatikana, lengo limekwisha na familia inaendelea na siku yake. Jambo hili ni gumu kwa mpigaji mwenye bidii, nalo ndilo linalolinda safari isigeuke kuwa kazi ya studio. Wekeni vilevile vipindi ambavyo hakuna anayepiga kabisa. Chakula cha mchana ni kimojawapo, na mchezo wa kwanza ambao mtoto mdogo ameungoja kwa miezi ni kingine. Mwacheni aupande akiwa na watu, si akiwa na lenzi mbele yake.

Jioni hotelini, kabla ya kulala, kila mmoja achague picha tatu tu za siku hiyo na kuzituma mahali pamoja. Anayehusika na lengo aseme limetimia au la, na kama halikutimia na bado kuna siku nyingine, lihamishwe kwenye karatasi ya kesho kwa kuondoa jingine, si kwa kuongeza. Zinazofanana zifutwe usiku huohuo, wakati bado mnakumbuka kwa nini moja ni bora kuliko nyingine. Mkishafika nyumbani mtaziona zote sawa. Zilizobaki zihifadhiwe mahali pawili kabla ya siku ya kuruka, moja ikiwa nje ya simu, na zile za mfululizo wa Harambe ziandikiwe maelezo ya mzee aliyekuwa mwamuzi, kwa maneno yake mwenyewe.